Moshi wa Pearl Harbor bado unatuziba macho

Juni 1, 2025, Ukraine ilipochoma ndege za kivita za Urusi kwa droni zilizofichwa ndani ya vibanda vya mbao juu ya malori, jina moja lilisikika kabla moto haujazimwa: Pearl Harbor. Wanablogu wa kijeshi wa Urusi waliliandika kwa uchungu, wachambuzi wa Magharibi wakaliandika kwa shangwe, na sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili tukalidaka. Pembeni ya video za droni zikaja zile picha kongwe tunazozijua sote: manowari imeinama, moshi mweusi umefunika anga, watu wadogo kama sisimizi wamesimama wakitazama. Anayelitumia jina hilo kwa kawaida ana maana moja tu, kwamba aliyepigwa amevunjwa mgongo. Nasema maana hiyo imegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Pearl Harbor ni jina la shambulio lililofanikiwa karibu kwa kila hesabu ya asubuhi ile, kisha likamwangamiza aliyelipanga. Na kama tumelielewa vibaya kwa zaidi ya miaka 80, sehemu kubwa ya lawama iangukie picha zake, kwa sababu zimetuzoesha kupima shambulio kwa wingi wa moshi.

Turudi kwenye tukio lenyewe. Jumapili ya Desemba 7, 1941, saa 1:55 asubuhi kwa saa za Hawaii, ndege za Japani zilianza kuipiga kambi ya jeshi la majini la Marekani katika kisiwa cha Oahu. Zilitoka kwenye meli sita za kubeba ndege, Akagi, Kaga, Sōryū, Hiryū, Shōkaku na Zuikaku, zilizong'oa nanga Novemba 26 katika ghuba ya Hitokappu, kwenye visiwa vya kaskazini, na kuvuka bahari kimya, redio zimefungwa, chini ya Admirali Nagumo Chūichi. Mpango ulikuwa wa Admirali Yamamoto Isoroku. Wimbi la kwanza lilikuwa na ndege 183, la pili 167. Kufikia kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wamarekani 2,403 walikufa, 1,177 kati yao katika manowari moja tu, Arizona, baada ya bomu kupenya hadi kwenye ghala lake la baruti. Manowari kubwa zote nane zilizokuwa bandarini zilipigwa, nne kati yake zikazama. Ndege 188 za Marekani ziliteketea, nyingi zikiwa zimepangwa ardhini bawa kwa bawa kwa kuogopa wahujumu. Japani ilipoteza ndege 29, nyambizi ndogo tano na watu wasiofika 70.

Ukisimama hapo, umekwisha kuamua nani mshindi. Picha zinataka usimame hapo.

Chukua picha maarufu kuliko zote zilizopigwa angani na rubani wa Kijapani mwanzoni mwa shambulio. Inaonesha kisiwa cha Ford katikati ya bandari, na ng'ambo yake safu ya manowari zimefungwa mbilimbili. Nguzo ya maji imeruka juu: topido, bomu linalosafiri ndani ya maji, imeipata manowari West Virginia. Mawimbi yanayotanda juu ya maji yanaonesha topido nyingine zilipopita. Ni picha ya ushindi. Ilipigwa kwa ajili hiyo, na Japani iliitangaza kwa ajili hiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sasa lipishe jicho lako juu ya manowari, lipeleke mbali upande wa kulia. Pale kuna vitu vyeupe vya mviringo, vimepangwa kwa utulivu kama sufuria zilizofunikwa. Ni matangi ya mafuta. Karibu yake kuna kambi ya nyambizi. Matangi yale yalihifadhi takriban mapipa milioni 4.5, akiba yote ya kuendeshea meli za Marekani katikati ya Pasifiki, na yalikuwa wazi juu ya ardhi. Siku ile hakuna hata moja lililoteketezwa. Kambi ya nyambizi haikuguswa. Karakana na vyelezo vya kutengenezea meli vilipata madhara madogo vikaendelea na kazi. Mpigapicha alivinasa vitu vilivyokuja kuiangamiza nchi yake, na watu wameitazama picha ile miaka yote hii bila kuviona, kwa sababu haviwaki.

Picha ya pili ni ile ya mlipuko mkubwa, mpira wa moto unaopasuka na vipande vinavyoruka kama fataki. Nimeiona mara nyingi, kwenye makala na kwenye simu, ikiwa na maelezo kwamba hiyo ndiyo Arizona ikilipuka. Siyo. Ni Shaw, manowari nyepesi iliyokuwa juu ya chelezo kinachoelea, nayo ilikatika sehemu yote ya omo, yaani ya mbele. Anayeitazama anaapa kwamba chombo hicho kimekwisha. Lakini mafundi waliipachika omo ya muda, na Februari 1942 Shaw ikaondoka Hawaii kwa injini zake yenyewe kwenda California kutengenezwa vizuri. Mwaka huohuo ilirudi kazini, ikapigana hadi vita vikaisha. Sijui mfano bora zaidi wa jinsi picha inavyoweza kuwa ya kweli na bado ikamdanganya mtu: moto ule ni wa kweli, kifo kinachodhaniwa hakikutokea.

Ya tatu ni Arizona yenyewe, mlingoti wake wa mbele umelalia upande, moshi umejaa. Hii haidanganyi. Meli ile iliwaka zaidi ya siku mbili, haikuinuliwa tena, na zaidi ya mabaharia 900 bado wamo ndani yake. Mafuta yanavuja kutoka tumboni mwake hadi leo, tone baada ya tone, na wenyeji huyaita machozi ya Arizona. Manusura wa mwisho wa meli hiyo, Lou Conter, alifariki Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Sina neno la kuipunguzia picha hiyo uzito wake. Ninachokataa ni kuifanya iwe kielelezo cha manowari zote za siku ile.

Maana manowari zile ziliinuliwa. Bandari ina kina cha takriban mita 12, hivyo meli iliyozama ilikaa juu ya tope, sehemu ya juu ikiwa nje ya maji. Zingepigwa katika bahari kuu, kama zingetoka kumkimbilia adui, zingekwenda chini kabisa pamoja na mabaharia wote, na Admirali Chester Nimitz, aliyekabidhiwa kikosi cha Pasifiki Desemba 31, 1941 juu ya sitaha ya nyambizi, aliliona hilo. Wapiga mbizi walifanya kazi takriban saa 20,000 katika giza la maji yenye mafuta, mabomu yasiyolipuka na maiti. California iliinuliwa, West Virginia iliinuliwa, Nevada ilitolewa kwenye mchanga. Oklahoma, iliyopinduka na kuua watu 429, iligeuzwa mwaka 1943 kwa winchi 21 zilizofungwa ufukweni, ingawa haikufaa tena kwa vita. Katika West Virginia mafundi walikuta miili ya mabaharia watatu kwenye chumba kilichobaki na hewa, na kalenda waliyoweka alama siku 16, hadi Desemba 23. Ni habari ya kuvunja moyo, na imo katika historia ileile ya ufundi uliofanya West Virginia iwepo katika ghuba ya Tokyo Septemba 2, 1945, Japani ilipotia saini kushindwa. Kati ya manowari nane zilizopigwa, sita zilirudi vitani.

Umma wa Marekani wenyewe haukuyaona haya yakitokea. Ripoti ya waziri wa jeshi la majini ya katikati ya Desemba 1941 ilikiri kupotea kwa Arizona na meli chache, ikanyamaza kuhusu kuzama kwa California na West Virginia. Maelezo kamili na picha nyingi za uharibifu zilitolewa Desemba 1942, mwaka mzima baadaye, wakati kazi ya kuziinua meli imekwisha kwenda mbali. Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Serikali iliagiza filamu kuhusu shambulio hilo, na kwa kuwa picha halisi za filamu zilikuwa chache, sehemu kubwa iliigizwa kwa vielelezo vya meli na wanajeshi waliopangwa mbele ya kamera. Vipande vya maigizo yale vimekatwa na kutumika katika vipindi vya televisheni kwa miongo mingi kana kwamba vilipigwa asubuhi ile. Leo tunahangaika na picha za akili bandia, na tuna haki ya kuhangaika. Lakini Pearl Harbor ya bandia ilikwisha kutengenezwa tangu 1942, kwa nia njema kabisa, na imekaa vichwani mwetu kuliko ile ya kweli.

Kwa nini Japani ilipiga? Hapa ndipo hesabu halisi ilipo, nayo ni ya mafuta. Japani ilikuwa vitani na China tangu 1937. Julai 1941 iliingiza majeshi yake kusini mwa Indochina, na Marekani ikazuia mali zake na kukata mafuta. Takriban asilimia 80 ya mafuta ya Japani yalitoka Marekani. Viongozi wa Tokyo wakabaki na njia mbili: kuondoka China, jambo ambalo jeshi lisingekubali, au kuchukua kwa nguvu visima vya makoloni ya Uholanzi, Indonesia ya leo. Kikosi cha Marekani kilichohamishiwa Hawaii mwaka 1940 kilionekana kama upanga ubavuni mwa safari hiyo. Kulikuwa pia na saa iliyokuwa ikihesabu. Julai 1940, mwaka mmoja na nusu kabla ya shambulio, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupanua jeshi la majini kwa asilimia 70 hivi. Meli hizo zilikuwa tayari zinaundwa. Kwa maneno mengine, mabomu yalikwenda kupiga manowari za zamani kama Nevada na Arizona, zilizoanza kazi mwaka 1916 na kwenda polepole, huku meli zitakazoishinda Japani zikiwa kwenye vyelezo vya Virginia, New York na New Jersey, mbali na bomu lolote. Katika vita ile Marekani iliingiza kazini meli kubwa 17 za kubeba ndege za aina ya Essex peke yake. Hakuna rubani ambaye angeweza kuzipiga Hawaii.

Hoja nzito dhidi yangu naijua, na inastahili kusikilizwa kwa adabu. Inasema: Yamamoto hakuahidi kuishinda Marekani. Alimwambia waziri mkuu Konoe kwamba angeweza kutamba miezi sita au mwaka, baada ya hapo hakuwa na uhakika. Miezi hiyo alipewa. Siku ileile majeshi ya Japani yalishuka Malaya, tena zaidi ya saa moja kabla ya bomu la kwanza kuanguka Hawaii. Yakapiga Ufilipino, visiwa vya Guam na Wake, na Hong Kong. Singapore ikaanguka Februari 1942, visima vya Indonesia vikatwaliwa. Na hapa historia hii inafika kwetu bila kulazimishwa. Aprili 1942 meli tano kati ya zile sita ziliingia Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo na Trincomalee, zikazamisha meli ya kubeba ndege Hermes na manowari Cornwall na Dorsetshire. Kikosi cha Mashariki cha Uingereza, chini ya Admirali James Somerville, kikarudishwa nyuma hadi Kilindini. Mombasa ikawa makao ya jeshi la majini la Uingereza upande huu wa dunia, na wavunja siri za redio za Kijapani wakafanya kazi ndani ya shule ya Allidina Visram. Mei 30 mwaka huo, nyambizi ndogo ya aina ileile iliyojaribu kupenya Pearl Harbor iliingia Diego Suarez, Madagaska, ikaitoboa manowari ya Uingereza Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Vijana wa Afrika Mashariki, askari wa keya (King's African Rifles), walipelekwa Burma kupigana na Wajapani; Februari 12, 1944, meli ya abiria Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache na watu karibu 1,300, mamia yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba shambulio lile halikumpa Japani kitu. Lilimpa nusu ya bahari mbili, na gharama tuliichangia.

Lakini tuangalie kilichotokea miezi sita ilipotimia. Mwishoni mwa Mei 1942, Yorktown, meli ya kubeba ndege ya Marekani iliyojeruhiwa vibaya katika Bahari ya Matumbawe, iliingia Pearl Harbor. Kwa makadirio ya kawaida ilihitaji wiki nyingi. Mafundi zaidi ya elfu moja waliivamia katika kile chelezo ambacho Wajapani walikiacha, wakaifanyia kazi usiku na mchana, na baada ya siku tatu hivi ikatoka. Ilijazwa mafuta kutoka kwenye matangi yaleyale yanayoonekana pembeni mwa picha. Juni 4, karibu na kisiwa cha Midway, ndege zake na za meli mwenzake Enterprise ziliangamiza Akagi, Kaga, Sōryū na Hiryū, nne kati ya meli sita zilizokwenda Hawaii. Na kutoka kwenye ile kambi isiyoguswa zilitoka nyambizi ambazo, kufikia mwisho wa vita, zilikuwa zimezamisha zaidi ya nusu ya shehena yote ya meli za biashara za Japani iliyopotea. Nchi iliyoingia vitani kwa ajili ya mafuta ilimaliza vita mafuta yake yakiwa chini ya bahari pamoja na meli zilizoyabeba.

Wapo wanaojibu kwamba basi kosa lilikuwa dogo tu, Nagumo angetuma wimbi la tatu, angechoma matangi, na mambo yangekwenda vingine. Hoja hii ina nyama kidogo. Nimitz mwenyewe baada ya vita aliamini kwamba kupotea kwa mafuta yale kungerefusha vita kwa miaka miwili. Hata hivyo wimbi la pili lilipata hasara kubwa kuliko la kwanza kwa sababu wapiga mizinga wa Marekani walikuwa wameamka. Wimbi la tatu lingerudi gizani, na Nagumo hakujua meli za kubeba ndege za Marekani ziko wapi. Zaidi ya hayo, kurefusha vita kwa miaka miwili si kuvishinda. Visima vya Texas visingekauka kwa sababu matangi ya Oahu yameungua. Na kitu kimoja ambacho wimbi la tatu lisingeweza kukibadili ni hali ya Wamarekani baada ya bomu la kwanza. Mwaka 1941 wengi wao hawakutaka vita. Japani ilikuwa na tumaini moja la kweli, kwamba Marekani ingechoka na kukaa mezani kuzungumza, na tumaini hilo ndilo lililozama la kwanza. Barua ya kuvunja mazungumzo, ambayo hata haikuwa tangazo la vita, ilimfikia waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Cordell Hull, shambulio likiwa limekwisha kuanza. Mpango mzima ulitegemea adui akubali kushindwa upesi, na ulianza kwa kitendo ambacho adui asingeweza kukisamehe.

Ipo hoja nyingine inayopendwa mno mitandaoni, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba Rais Franklin Roosevelt alijua, akanyamaza ili apate sababu ya kuingia vitani. Ushahidi unaotajwa sana ni kwamba meli za kubeba ndege hazikuwepo bandarini, eti zilifichwa. Saratoga ilikuwa San Diego, Lexington ilikuwa ikipeleka ndege Midway, Enterprise ikirudi kutoka kisiwa cha Wake kwa kazi kama hiyo. Enterprise ilitarajiwa bandarini Desemba 6. Ilichelewa kwa sababu ya bahari chafu, na ndege zake zilizotangulia zilifika katikati ya shambulio, baadhi zikatunguliwa, nyingine na Wamarekani wenzao usiku ule. Anayetaka kuificha meli haipangii kurudi usiku wa kuamkia maafa. Wamarekani walikuwa wakisoma siri za kidiplomasia za Japani, ndiyo, na Novemba 27 makao makuu yalituma onyo la vita Hawaii. Lakini siri za kidiplomasia hazikutaja Pearl Harbor kama shabaha, na macho ya wote yalielekea Ufilipino na Malaya. Halafu swali rahisi kabisa: kama Roosevelt alitaka sababu ya vita, shambulio lililokutana na ndege tayari angani na mizinga tayari imejazwa lingempa sababu ileile bila kupoteza kikosi chake. Nadhani nadharia hii inaishi kwa sababu ya zile picha. Moshi mkubwa kiasi kile unamfanya mtu atamani sababu kubwa kiasi kile, na uzembe wa kawaida wa ofisini unaonekana mdogo mno kuubeba.

Picha zimewaficha watu pia. Doris Miller alikuwa baharia mweusi katika West Virginia. Jeshi la majini la wakati ule lilimruhusu mtu mweusi kuhudumia meza ya maofisa, halikumruhusu kufundishwa mzinga. Siku ile alisaidia kumbeba nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki kubwa ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufunzwa, akapiga hadi risasi zikaisha. Taarifa za kwanza hazikumtaja hata jina. Magazeti ya weusi wa Marekani yalidai ajulikane, na Mei 1942 Nimitz alimvisha nishani ya Navy Cross. Alikufa Novemba 1943 meli yake ilipozamishwa. Hakuna picha yake akiwa kwenye mzinga. Pengine ingekuwapo, ingekuwa maarufu kuliko mlipuko wa Shaw. Nao Wajapani-Wamarekani, takriban watu 120,000 wa pwani ya magharibi, wengi wao raia waliozaliwa palepale, walikusanywa na kupelekwa kambini baada ya amri ya rais ya Februari 1942, kwa tuhuma za usaliti ambazo hazikuthibitishwa. Huko Honolulu kwenyewe, picha za nyumba zilizochomeka na magari yaliyotobolewa zilichukuliwa kuwa kazi ya mabomu ya Japani. Uchunguzi uliona sehemu kubwa ni makombora ya mizinga ya Wamarekani yaliyorushwa juu yakaanguka mjini bila kulipuka hewani. Maelezo chini ya picha yakikosewa, watu halisi hulipa.

Basi turudi kwenye droni. Ukraine ilisema ilitumia 117 na kupiga ndege 41. Maofisa wa Marekani walionukuliwa na vyombo vya habari walikadiria karibu nusu ya hizo ndizo zilizopigwa, na zilizoteketea kabisa ni chache zaidi. Kufika hadi uwanja wa Belaya huko Irkutsk, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine, ni ufundi wa kijasusi usiobishaniwa. Lakini jina la Pearl Harbor halikukaa mahali pake. Shambulio lile halikuanzisha vita wala halikumwamsha jitu aliyelala; vita vilikuwa vimekwisha kuchinja watu zaidi ya miaka mitatu. Siku chache baadaye Urusi ilirusha mamia ya droni na makombora juu ya Kyiv na miji mingine. Ukitaka mfano wa bahari, ulio karibu zaidi ni Taranto, usiku wa Novemba 11, 1940, ndege 21 za Uingereza, za mtindo wa zamani zenye mabawa mawili mawili, zilipopiga manowari tatu za Italia ndani ya bandari yake. Italia ilivihamisha vyombo vyake, na haikupita wiki tatu vikatoka tena baharini kupigana. Mbili kati ya zile tatu zilitengenezwa. Wajapani walikwenda Taranto kusoma somo la topido katika maji mafupi, wakalifuzu, wakaunda mapezi ya mbao ya kuzizuia topido zisichimbe tope. Somo la pili, la kikosi kuondoka bandari iliyopigwa na kuendelea na vita, hawakulitilia maanani.

Hata pwani yetu ina ushahidi. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijitokeza Unguja na kuikuta Pegasus ya Waingereza ikitengenezwa bandarini. Ikaizamisha. Mabaharia waliokufa wamezikwa kwenye kisiwa kidogo mbele ya mji. Ulikuwa ushindi safi, na haukumfikisha mshindi popote: Königsberg, injini yake ikisumbua, ilirudi kujificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa, ikaharibiwa Julai 1915.

Kwa hiyo mwandishi anapotaka kuliita shambulio Pearl Harbor, mimi ningemwomba atazame kwanza kitu kisichowaka. Mafuta yako wapi? Karakana za kutengeneza ziko wapi, na zinafanya kazi? Viwanda vinatoa vipya vingapi kwa mwezi? Watu wa upande uliopigwa wamekata tamaa au wamepandwa na hasira? Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika video ya sekunde 40. Yanapatikana polepole, kwa hesabu za ghala na orodha za meli na mitambo, kazi ambayo haimpatii mtu wafuasi wengi.

Kati ya kumbukumbu zote za Desemba 7, iliyonishika zaidi haina moshi. Ni karatasi ya kituo cha rada cha Opana, kaskazini mwa Oahu, iliyohifadhiwa katika nyaraka za taifa za Marekani. Wanajeshi wawili wa chini, Joseph Lockard na George Elliott, walitakiwa kuzima mtambo saa 1 kamili asubuhi. Gari la kuwapeleka kunywa chai lilichelewa, wakaendelea kujifunza. Saa 1:02 mtambo ukaonesha kundi kubwa la ndege, zaidi ya kilomita 200 kaskazini. Walipiga simu. Luteni aliyekuwa zamu alijua kuna ndege za Marekani zinatarajiwa kutoka California, akawaambia wasijali. Elliott na Lockard wakaendelea kuweka alama kwa penseli, moja baada ya nyingine, kila moja karibu zaidi na kisiwa, hadi milima ilipouziba mtambo usione tena.